Mkono wa Magdalena

Saint-Josse, Brussels
14 Septemba 2024

Mpendwa Dada Koletha,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sina la kulalamika ila baridi, ambayo mwaka huu imewahi. Natumaini wewe, shemeji Gregory na watoto mnaendelea vizuri, na goti la mama limepungua uvimbe. Mimi bado niko katika chumba kile kile cha juu ya duka la mikate la Mturuki, ndiyo maana hata karatasi hii ukiinusa utasikia ufuta.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nikipiga, mama anaweka spika na nyumba nzima inasikiliza, na hili ninalotaka kusema si la nyumba nzima.

Tangu Mei karakana yetu inatengeneza picha ya Mtakatifu Maria Magdalena akitubu, iliyotoka kanisa moja la upande wa Laeken. Ina karibu miaka mia nne na aliyeichora hajulikani. Ni kubwa kuliko mlango wa sakristia ya kwetu. Magdalena amepiga magoti pangoni, nywele zimemfika kiunoni, macho ameyainua juu, mkono wa kushoto umelala juu ya fuvu, na mbele yake chupa ya marhamu imeanguka. Nyuma yake ni giza tupu, na mwanga unatoka upande mmoja, chini, kama mtu ameweka chemli sakafuni. Kazi yangu ilikuwa kuondoa vanishi ya zamani, iliyokwisha kuwa rangi ya chai. Wiki tatu nilisafisha uso peke yake. Shavu likatoka jekundu, na juu yake chozi moja, dogo kama punje ya mtama. Nimekutilia picha kwenye bahasha uone.

Sasa tatizo. Paa la kanisa lilivuja miaka mingi, maji yakateremka juu ya picha, na mkono wa kulia umekwenda wote, kuanzia kiwiko hadi vidole. Limebaki turubai. Kwa kawaida sisi hatubuni kitu; palipopotea tunapaacha. Lakini hii inarudi altareni, watu watasali mbele yake, na paroko ameomba mkono urudi. Mathieu, mkuu wa karakana, ambaye ndiye aliyenifundisha chuoni, ameamua uchorwe kwa mistari myembamba ya rangi inayofutika, ili mtu akiwa mbali aone mkono, na akisogea aone kwamba ni kazi ya leo. Mchoro wa mkono huo amenipa mimi. Alisema mbele ya wote, "Dafrosa ndiye mwenye mikono. Nalikumbuka daftari lake mpaka leo."

Dada, umeshajua ninachoomba. Mimi ni mtu wa kusafisha na kuziba. Kuchora nimekuachia wewe. Nichoree mkono mmoja tu. Nimepewa mpaka mwisho wa Januari.

Msalimie mama, na umwambie nimepata kitambaa cha gauni alichotaka.

Mdogo wako,
Dafrosa


Bukoba
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Dafrosa,

Marahaba. Barua yako ilikaa Posta siku tisa kabla ya mtu kukumbuka kunitumia ujumbe. Hatujambo. Mama goti limeshuka lakini sasa analalamikia macho. Gregory amepanda vanila na anaizungumzia kila mlo. Mimi mwezi huu nimechora bango la kinyozi karibu na soko, vichwa vinane na mitindo minane, nimeandika misalaba mitatu ya makaburi, na wiki ijayo naanza ukuta wa zahanati: mama anayenyonyesha na mbu mkubwa. Wameona mchoro, na mbu ndiye wanayemsifu.

Huyo Magdalena wako nimemtazama. Ni mzuri, tena mzuri kupita kiasi kwa mtu anayelala pangoni. Bega nje, nywele zimechanwa zikakubali, shingo haina hata vumbi. Nilisema moyoni, huyu hajatubu, huyu amekaa apigwe picha. Nilitaka kumchukia kabisa nikashindwa kwa ajili ya lile shavu. Nilisimama naye dirishani mpaka ndizi zikaungua jikoni, Gregory akauliza nani amekufa.

Kisha nikaona wivu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu padre amenifundisha nisilizungushe. Nakuonea wivu, Dafrosa. Unaamka asubuhi, unavaa koti jeupe, unaligusa shavu lile kwa pamba, na hakuna anayekuita uje kupepeta mchele. Ningepewa siku moja tu ya kukaa karibu nalo, nisingerudi kuchora mbu.

Sasa tuje kwenye mkono. "Dafrosa ndiye mwenye mikono." Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma Injili mwaka huu.

Tukumbushane, maana naona Ubelgiji inasahaulisha. Mwaka 2010 Padre Onesmo alipata nafasi moja ya chuo cha sanaa huko Brussels kwa kijana wa parokia. Tulitaka wote wawili. Akatupa kila mmoja daftari la kurasa themanini, tujaze kwa miezi mitatu. Mimi nilijaza mikono. Mikono ya mama akimenya ndizi, ya wanawake wakichambua kahawa, ya babu akishika kikombe. Wewe ulijaza maua, na kanisa kutoka kila upande. Madaftari yakaenda. Jibu likaja kwamba mwenye mikono amepata nafasi, na jina lililoandikwa juu ya kava ya daftari la mikono ni Dafrosa. Watu wote wakasema yamechanganyika. Mama akaniambia ninyamaze, nisikuharibie. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikusindikiza nikiwa nimebeba sanduku lako.

Swali langu ni moja, na sijawahi kukuuliza: majina yalihamaje? Nijibu hilo kwanza. Kabla ya hapo mkono sikuchorei, hata kidole.

Kitambaa cha mama kitume, anakiulizia.

Dada yako,
Koletha


Saint-Josse
24 Novemba 2024

Mpendwa dada,

Shikamoo tena. Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa. Kitambaa nimempa mke wa afisa mmoja wa ubalozi anayerudi Dar kwa likizo, atakipakia kwenye basi. Hapa giza linaingia saa kumi na moja jioni, nafanya kazi chini ya taa siku nzima na macho yananiwasha kama ya mama.

Kuhusu madaftari, dada, ni mambo ya zamani sana. Padre Onesmo alikuwa mzee, haoni vizuri, na unakumbuka ndiye aliyeyavalisha kava zile za kaki na kuandika majina juu. Katika kuvalisha huenda alikosea. Mungu amrehemu, alitupenda wote. Sioni faida ya kumsumbua kaburini.

Nimejaribu kuchora mwenyewe. Jumamosi nilikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kusukwa kwa Maman Cécile, yule Mkongo wa Bukavu mwenye saluni ndani ya Galerie d'Ixelles, nikamwomba nichore mkono wake akipumzika na chai. Alikubali, akakaa kimya kwa heshima zote. Nilipomaliza akavaa miwani, akageuza karatasi juu chini, akaniuliza, "Mutoto yangu, hii ni mukono ao ni fourchette?" Fourchette ni uma. Saluni nzima ilicheka, nami nikacheka nao. Nikamweleza habari ya Magdalena na yako. Akaendelea kusuka, kisha akasema, "Bon, dada yako iko na anajua, alors umuombe tu. Honte ya nini?" Sikumweleza ni aibu ya nini.

Unasema unanionea wivu. Dada, unajua kwa nini niliacha kuchora mwaka wa kwanza tu chuoni, nikaingia ukarabati? Kwa sababu huku kazi nzuri ni ile ambayo hakuna anayejua umeifanya. Hakuna anayesema, hebu chora kitu chako tukione. Miaka kumi na minne nimekaa nyuma ya migongo ya watu waliokufa. Na nikipiga simu nyumbani, mama ananiuliza kama kuna mvua. Namjibu, ananiambia nivae vizuri, basi. Halafu namsikia anakugeukia wewe na kukuuliza kama chumvi imetosha, na sauti yake inabadilika. Ningetoa shavu la Magdalena na chozi lake ili niulizwe habari ya chumvi.

Naweka humu picha nyingine tatu. Moja imepigwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, ambao unapita ndani ya rangi na kuonyesha mistari ya chini. Utaona ncha ya kidole gumba, na kivuli kidogo kifuani. Hayo tu ndiyo yaliyobaki ya mkono. Wataalamu hapa wote wanasema ulikuwa mkono uliofunguka, umelala kifuani kwa upole, kwa kuwa ndivyo Magdalena wengi walivyochorwa.

Tafadhali, dada. Mathieu ananiuliza kila Jumatatu.

Dafrosa


Bukoba
12 Januari 2025

Dafrosa,

Sikukujibu makusudi. Noeli imepita, tulikuwa kumi na saba mezani, mama alivaa gauni la kitambaa chako na kila aliyeingia aliambiwa, "Hili ni la Dafrosa." Mimi niliyelishona sikutajwa. Senene mwaka huu walikuwa wengi. Nimekukaangia kopo moja, atakuletea Tito, yule mwanafunzi wa Muleba anayerudi huko tarehe kumi na nane. Usimwachie alifungue.

Kopo limezungushiwa karatasi. Kunjua karatasi hiyo taratibu.

Nimechora mkono. Usidhani umeshinda. Nilikuwa nimeapa nisiuchore, nikawa naziangalia zile picha zako kila nikimaliza kuosha vyombo, mpaka nikaona mnachokosea, na nikishaona kitu mimi siwezi kulala nacho. Huo ndio udhaifu wangu na wewe umeujua tangu utotoni.

Mkono haukufunguka. Hicho kivuli chini ya shingo ni cha duara na kizito. Kiganja kilicholala hakitupi kivuli cha namna hiyo, maana kinakifunika chenyewe. Halafu kidole gumba kinatazama juu. Amekunja ngumi, Dafrosa. Anajipiga kifua. Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Umesimama kwenye Misa tangu uko mgongoni mwa mama, unaipiga ngumi hiyo kila Jumapili, na miezi minane umemtazama huyu mama usione? Au huko hamjipigi tena?

Nilimwomba mama akae kitini, mwanga nikauweka chini upande mmoja, nikamwambia asali sala ya maungamo na akifika kwenye kukosa asimame hapo hapo. Alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka. Nilimwambia apumzike akakataa, akasema Magdalena naye hakupumzika. Ukiona mishipa, ni ya mama. Vidole nimevirefusha kidogo vifanane na vya mkono wa kushoto.

Sasa nisikilize. Umemsingizia marehemu. Padre Onesmo aliyavalisha madaftari kava kabla ya kutupatia, yakiwa bado meupe, na majina aliyaandika mbele yetu sebuleni kwake. Langu nililijaza likiwa na jina langu juu yake siku zote tisini. Kwa hiyo kava zilitoka baadaye, na zilitolewa na mtu.

Mchoro huo fanya utakavyo. Ukisema ni wako, watakuamini, wamezoea. Mimi nitakaa hapa na mbu wangu.

Koletha


Saint-Josse
23 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua nimechelewa kukujibu. Senene walifika, Tito hakuwagusa, nimewala kwa siku mbili na harufu ikampandisha Mturuki ngazi kuja kuuliza kama kuna kinachoungua. Nimeona kwenye picha gauni la mama lilivyomkaa. Nimemwambia kwenye simu kwamba mshono ni wa kifundi. Alinijibu kwamba kuna jua.

Nikueleze mambo yalivyokwenda. Mchoro wako niliunakili kwenye karatasi inayopitisha mwanga, tukaupandisha juu ya picha, Mathieu upande mmoja na mimi upande mwingine. Kidole gumba kilikutana na ile ncha iliyobaki bila kusogezwa hata kidogo. Kivuli kikajaa. Watu waliokuwa wakinywa kahawa waliacha vikombe. Mathieu alivuta kiti akakaa, akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Ni mkono ule ule wa daftari." Akanigeukia akanishika mabega. Alisema miaka yote alijiuliza kile kipaji kilikwenda wapi.

Wiki sita nilikaa na sifa hiyo. Nilichora mistari midogo, maelfu, nikifuata mchoro wako, na kila siku mtu alipita akanipongeza. Ijumaa iliyopita, kazi ilipokwisha, walikusanyika wote kumi na wawili kuitazama kabla haijarudi Laeken. Mathieu akaniomba niseme neno. Nikasema. Niliwaambia mkono huo umechorwa na dada yangu Koletha aliyeko Bukoba, na kwamba hata daftari lililoniingiza chuoni lilikuwa lake, majina yalichanganyika.

Nilidhani watanifukuza. Mathieu alinikumbatia. Mmoja wao, Laetitia, alilia kabisa. Wakapiga makofi, wakasema inahitaji moyo kusema vile, na Mathieu akasema hajawahi kuona ujasiri wa namna hiyo katika kazi hii. Jina lako litaandikwa kwenye kibao kando ya picha: mkono wa kulia umerudishwa kwa mchoro wa Koletha wa Bukoba. Mathieu anataka pia kukualika uje uione, barua rasmi itakuja.

Dada, nimekuwa mwepesi tangu siku ile. Nimelala usingizi ambao sikuupata tangu nije nchi hii. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mdogo wako akupendaye,
Dafrosa


Bukoba
27 Aprili 2025

Dafrosa,

Nyumbani hawajambo.

Barua yako niliisoma kwenye ukuta wa pili wa zahanati, nimepanda ngazi, rangi mkononi. Nilishuka nikaisoma tena chini, nikidhani labda juu kule nimeruka mstari.

Kwa hiyo walikupigia makofi. Nafasi ya chuo ulipata, koti jeupe ulipata, shavu ulipata, na sasa hata toba yako imekuwa sifa yako. Mimi ndiye niliyenyimwa, na anayekumbatiwa ni wewe. Niambie, kuna kitu chochote duniani kinachoweza kukutokea kisigeuke kuwa heri yako? Nimeona wivu mwingi maishani lakini wa safari hii umepita wote. Nilitaka waone haya kwa niaba yako. Nilitaka angalau mmoja akuangalie vibaya.

Kibao kimeniuma pia, usifikiri kimenifurahisha. Mmenipa jina kwa mkono mmoja, baada ya kunyimwa kurasa themanini.

Na kule kuchanganyika kumerudi. Yalichanganyika yenyewe, kama mbuzi wa majirani wawili. Umesimama mbele ya watu kumi na wawili ambao hukuwakosea kitu, ukaungama nusu, kwa Kifaransa, na umelala usingizi mzuri. Kwangu mimi uliyenikosea, hii ni barua ya pili na hujaniambia ulifanya nini. Nilikuuliza Oktoba. Sasa ni Aprili.

Mwaliko wenu ukija nitauweka kabatini. Sitaki kuja kusimama karibu na wewe watu watutazame tulivyosameheana.

Usiniandikie tena habari ya hali ya hewa. Kama huna jibu, usiandike.

Koletha


Saint-Josse
18 Mei 2025

Dada Koletha,

Padre Onesmo alinipa madaftari yote mawili Alhamisi mchana nikayapeleke Posta, kwa kuwa wewe ulikuwa shambani na mama. Bahasha ilikuwa bado wazi. Nilikwenda nikakaa nyuma ya jiko la parokia, penye kuni, nikayafungua. Nilitaka kulinganisha tu. Nilianza na langu, nikaona ni zuri. Kisha nikafungua lako.

Kwenye ukurasa wa pili mama alikuwa anamenya ndizi. Kilikuwa kisu na mikono tu, uso haukuwepo, lakini nilimwona mama kuliko nilivyowahi kumwona akiwa amesimama mbele yangu. Kila ukurasa ulikuwa hivyo. Nilijua kwamba miezi mitatu mama alikaa na wewe mchana kutwa, kwamba alikukunjulia mikono yake uitazame, na kwamba mimi nilikuwa nje nikichora kanisa. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia wewe saa ile. Nilitaka kulichana. Nilishika ukurasa wa kwanza nikashindwa, kwa sababu ulikuwa mzuri mno.

Kwa hiyo nikatoa kava. Zilikuwa zimekunjwa tu, hazikugundishwa. Daftari lako nililivalisha kava yangu, na langu kava yako, nikanyoosha mikunjo kwa kucha ili isionekane. Haikuchukua hata dakika tano. Hakuna kilichochanganyika. Nilijua ninachofanya na nilijua ni nani ninayemfanyia.

Unataka kujua kama nililia. Sikulia. Nilikwenda Posta, nikabandika stempu, na nilirudi nyumbani nikiimba. Wewe ulikuwa umetoka shambani, ukaniuliza kama yamekwenda salama, nikakwambia ndiyo, ukanikatia kipande cha muwa.

Nimekuibia, dada. Halafu nilikuachia ubebe sanduku.

Mbele ya Mathieu nilisema yalichanganyika kwa sababu nilitaka wanipende bado. Jana nimekwenda kwake nikamwambia la kava. Hakupiga makofi. Aliniuliza kwa nini, nikamjibu kwamba ni wivu, akaniomba nimwache afanye kazi. Sijui itakuwaje kesho na sikuandikii hilo unionee huruma.

Daftari lako lipo kwenye nyaraka za chuo, nimeomba wakurudishie.

Dafrosa


Bukoba
29 Juni 2025

Mdogo wangu Dafrosa,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja tu, imetosha.

Nilianza kwa kucheka, na nitakwambia kwa nini. Kwa miaka kumi na minne nimeungama wivu. Kila mwezi, kwa mapadre watatu waliopishana. Huyu wa sasa akiniona kwenye foleni anashusha kichwa, maana anajua ninachokileta. Nimefunga kwa ajili ya wivu huo, nimesali novena, nimejiona mimi ndiye mchafu wa nyumba hii, dada anayemwonea mdogo wake kijicho kwa bahati aliyopewa na Mungu. Kumbe ulianza wewe. Nilicheka mpaka Gregory akaja kutazama. Baadaye nililia, na hilo halikuhusu.

Sijakusamehe. Sijui msamaha unaanzia wapi. Siku ukianza nitakwambia, usiniulize ulize.

Lakini kuna jambo lazima ulijue, kwa kuwa wewe umesema lako. Barua yako nilimsomea mama, yote, hata pale uliporudi ukiimba. Alisikiliza na mikono yake mapajani. Nilipomaliza akasema alijua. Alijua tangu siku ile Padre aliposoma jibu la chuo, waliposifu mikono inayomenya ndizi, kwa sababu mikono ni yake na anajua ni nani aliyekaa naye kuichora. Nikamuuliza, sasa kwa nini uliniambia ninyamaze? Akajibu, "Dafrosa angekwenda tu, kwa njia hii au nyingine. Wewe nilitaka ubaki."

Nilikasirika, Dafrosa, nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye vanila ya Gregory. Mtu mmoja aliniibia nafasi na mtu mwingine akafunga mlango nyuma yake, na wote wawili nimewapikia. Niliporudi alikuwa amelala kitini. Nikamfunika miguu, kwa kuwa jioni ilikuwa na upepo.

Ningeweza kukuficha hilo alilosema. Nilikaa na karatasi hii wiki mbili nikifikiri nikufiche. Nimeona nikuandikie, nikijua litakuchoma mahali gani hasa: kwamba tulikuwa wawili, na mama alipotakiwa kuchagua wa kukaa naye, hakukuchagua wewe.

Wivu nimeubeba peke yangu muda mrefu. Sasa uonje.

Dada yako,
Koletha